Kundi, Genge na Umati: Kuchagua Jina la Jamii katika Kiingereza

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kwenye ukumbi wa chakula wa shule



 Katibu wetu aliponiandikia, alisema nichague mwenyewe jambo la kuzungumza, mradi lisiwe la siasa na lisizidi nusu saa. Wenzangu waliotangulia walizungumza juu ya kilimo, afya na malezi ya vijana. Mimi nimechagua jambo dogo la sarufi: yale majina ambayo Kiingereza hutumia kutaja wengi kwa neno moja. Wanasarufi huyaita majina ya jamii. Najua wapo watakaosema moyoni, "Huyu ametoka safari yote hiyo kuja kutufundisha Kiingereza cha Kidato cha Pili?" Naomba mnivumilie. Nina deni katika jambo hili, na deni hulipwa mbele ya mashahidi.

Wenzangu wa mkondo wangu watakumbuka somo lenyewe. Tulikuwa tumetoka shule za msingi, ambako kila kitu tulisomeshwa kwa Kiswahili, tukaingia hapa tukakuta hata hesabu inasema Kiingereza. Mwalimu wetu aliandika ubaoni: "a flock of sheep", "a herd of cattle", "a swarm of bees", "a school of fish". Halafu akageuka akauliza, na simba je? Ndugu yetu mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono upesi, akajibu kwa sauti kubwa, "A school of lions, sir!"

Darasa likalipuka kwa kicheko mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Mwalimu wetu hakumwadhibu. Alingoja tumalize kucheka, kisha akasema kwamba siku atakapowaona simba wamepanga mstari asubuhi wakikaguliwa kucha, atalikubali jibu hilo. Tangu siku ile hadi tunamaliza Kidato cha Nne, ndugu yetu yule aliitwa Skuli. Yupo humu ukumbini, ni mtu mwenye heshima zake, na mimi sitamtaja. Nitamrudia baadaye, maana naye nina la kumwambia.

Jibu, kama mjuavyo, lilikuwa "a pride of lions". Tukaandika orodha ndefu, tukaikariri kama jedwali la kuzidisha. Bukini ni "gaggle", kunguru ni "murder", mbweha ni "skulk". Hakuna aliyeuliza maneno hayo yalitoka wapi. Mimi nilikuja kujua baada ya miaka mingi.

Mwaka 1486, katika mji wa St Albans huko Uingereza, kilichapishwa kitabu cha mambo ya mabwana wakubwa: kuwinda kwa kipanga, kuwinda kwa mbwa, na alama za ngao za koo zao. Humo ndani mna orodha ya majina zaidi ya 160 ya makundi ya wanyama, ndege na watu. Bwana aliyekwenda mawindoni alitakiwa ajue kila mnyama na neno lake, kama vile leo mtu anavyotakiwa kujua kushika kisu na uma mezani. Asiyejua alionekana mshamba. Maneno mengine yalikuwa ya kweli ya kazi, lakini mengi yalikuwa mzaha mtupu. Majaji waliitwa "a sentence of judges", kwa kuwa kazi yao ni kutoa hukumu. Watawa wa kike waliitwa "a superfluity of nuns", yaani wamezidi kiasi. Wake za watu walipewa neno lenye maana ya kukosa subira, na mabibi mliomo humu mtanisamehe, sikuliandika mimi.

Basi, ndugu zangu, sehemu kubwa ya ile orodha tuliyochapwa kwa kutoijua ilikuwa utani wa wakubwa wa karne ya 15, ukanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu mpaka ukafika kwenye ubao wetu. Mtaalamu wa ndege wa leo, akiandika habari za kunguru, haandiki "murder". Huandika "flock", kama kwa ndege wengine wengi. Neno "murder" limebaki kwenye michezo ya chemsha bongo na kwa watu wanaopenda kupamba maneno.

Lakini si yote yaliyokufa. Neno "pride" liko hai, tena hapa hapa kwetu. Tangu mwaka 1966, George Schaller alipoanza kazi yake Serengeti, simba wa huko wamekuwa wakichunguzwa na wataalamu, na kwa wataalamu hao "pride" si pambo. Maana yake ni simba majike walio ndugu, pamoja na watoto wao, wenye eneo lao wanalolilinda, na madume wanaoishi nao kwa muda. Madume wakishirikiana wao kwa wao wana neno lao jingine, "coalition". Ukiona madume watatu vijana wanatangatanga bila majike ukawaita "pride", mtaalamu atakusahihisha, na atakuwa na haki, maana umesema jambo lisilokuwepo.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu cha kwanza. Mbele ya neno la namna hii, jiulize: ni nani analitumia akiwa kazini? Mchungaji ana "herd" na "flock" kwa sababu huhesabu mifugo yake jioni. Mfuga nyuki ana "swarm" kwa sababu asipolijua kundi lililohama mzinga atalipoteza. Neno lililotoka kazini lina maana ndani yake. Neno lililotoka kwenye mzaha lina mzaha tu.

Na sisi Waswahili ni hivyo hivyo. Hatuna neno la pekee kwa simba. Twasema kundi la simba, kundi la tembo, kundi la ng'ombe, na hakuna anayelalamika. Lakini njoo kwenye ndizi. Mkungu si chane, na mfanyabiashara atakayeagiza chane kumi akitaka mikungu kumi ataona cha mtema kuni. Kuni ni tita, nyuki ni bumba, pamba ni robota, noti ni bunda, majaji ni jopo. Mgeni akija sokoni akaomba "kundi la ndizi" tutamwelewa, na tutamuuzia, lakini tutacheka kama tulivyomcheka Skuli. Lugha huwa na maneno mengi pale ambapo watu wake wana kazi nyingi.

Sasa nije kwenye binadamu, maana deni langu liko huko.

Kwenye daftari langu la Kidato cha Pili, chini ya neno "people", nilikuwa nimeandika maneno haya yakifuatana kama ndugu wa baba mmoja: "crowd", "group", "band", "gang", "mob". Hapakuwa na sentensi hata moja ya kuonyesha tofauti. Nilifaulu mtihani, nikaenda mbele, nikapata shahada yangu, nikaingia katika utumishi wa serikali, na orodha ile ikiwa bado kichwani kama ilivyokuwa.

Nilipokuwa kijana kazini nilipangiwa wilaya moja ambayo sitaitaja. Palikuwa na mpango wa kuchimba visima vya pampu vijijini, na fedha zilitoka kwa wafadhili wa nje. Asubuhi moja watu kama arobaini, wanaume kwa wanawake, waliwasili ofisini kwetu kwa miguu. Walikuwa wameondoka kijijini kabla ya jogoo kuwika. Mbele yao alikuwapo mzee mmoja ameshika daftari la shule lililofungwa kwa mfuko wa nailoni. Ndani yake yaliandikwa majina ya kila kaya na mchango wake wa kisima. Walitaka kujua kitu kimoja tu: mchango wametoa, pampu inakuja lini? Walikaa chini ya mwembe, wakasikilizwa, wakajibiwa, wakaomba maji ya kunywa, wakarudi kwao. Hakuna aliyepaza sauti.

Mwenzangu aliandika taarifa ya mwezi kwa Kiswahili, na jambo hilo akaliweka katika mstari mmoja: kundi la wananchi lilifika ofisini kuulizia pampu. Taarifa ilipaswa kupelekwa kwa wafadhili kwa Kiingereza, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na shahada, nikapewa kuitafsiri. Nilipofika kwenye neno "kundi", nililiona "group" ni neno la kitoto. Nikalitafuta lenye uzito, nikafungua daftari la kichwani, nikaandika: "A mob of villagers came to the office." Nikaridhika nayo. Nikaipeleka ikasainiwa.

Ndugu zangu, "mob" si kundi. Neno hili ni kipande cha maneno ya Kilatini, "mobile vulgus", yaani watu wa chini wanaogeukageuka, na lilikatwa hivyo katika karne ya 17. Jonathan Swift alililalamikia mwaka 1710 kwa sababu ya kukatwa kwake. Kule Australia limepoa: kundi la kondoo au la kangaruu ni "mob", na wenyeji wa asili wa nchi ile hulitumia kwa fahari kutaja watu wao. Lakini katika taarifa ya ofisi, kwa msomaji wa Ulaya, "mob" ni watu wenye mawe mikononi.

Baada ya wiki kadhaa ikaja barua. Wafadhili walikuwa na ziara ya kukagua vijiji kabla ya kutoa fedha. Walieleza kwa upole kwamba kijiji kile wamekiondoa katika ratiba kwa sababu za usalama, mpaka hali itulie. Mkuu wangu wa kazi akaniita. Akaiweka barua mezani, na kando yake nakala ya tafsiri yangu.

"Bwana mdogo," akaniuliza, "siku ile ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mzee."

"Walivunja nini?"

"Hawakuvunja kitu, mzee."

"Walimtukana nani?"

"Hawakumtukana mtu."

"Basi hili neno limetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Lilitoka kwenye daftari la Kidato cha Pili, lakini hilo si jibu unaloweza kumpa mkuu wako wa kazi. Tuliandika barua ya kusahihisha siku ile ile. Wafadhili wakaelewa, wakaomba radhi hata wao, lakini ratiba ilikwisha kupita. Vijiji vingine vilipata pampu zao mwaka ule. Kijiji kile kilingoja mwaka mwingine mzima wa bajeti, na kina mama wakaendelea kuteka maji mtoni, kule kule walikokuwa wakiteka.

Pampu ilipofungwa hatimaye, nilikuwepo. Yule mzee wa daftari alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Ahsante, mwanangu, kwa kutuhangaikia." Nikaitikia. Sikumwambia. Mzee yule hakujua, na kwa miaka hii yote sijamweleza mtu mwingine nje ya ofisi ile. Leo nimesema.

Mtaniuliza, basi neno sahihi lilikuwa lipi? "Delegation" lingefaa, kwa kuwa walitumwa na wenzao na walikuwa na msemaji. "Group" nililolidharau lingefaa pia. Lakini nimefikiri sana, nikaona kwamba lililo bora kuliko yote halikuwa jina la jamii hata kidogo. Ningeandika tu: watu wapatao arobaini walikuja, wakauliza, wakaondoka. Idadi haimtukani mtu. Unapokuwa huna hakika ya jina la kundi, hesabu.

Wala tusidhani kwamba ni Kiingereza peke yake chenye mitego hii. Chukueni neno letu "genge", ambalo tumelipata kutoka "gang" ya Kiingereza. Lilitumika kwa vibarua wa reli na kambi zao. Leo mama akimtuma mtoto gengeni, anamtuma akanunue nyanya na vitunguu. Lakini gazeti likiandika "genge", msomaji anatafuta pingu. Neno moja linawabeba mwizi, kibarua na muuza nyanya, na anayeliandika ndiye anayechagua nani aonekane.

Jambo la pili nitaligusa kwa kifupi, nalo ni kitenzi kinachofuata jina hilo. Je, tuseme "the committee is" au "the committee are"? Wamarekani karibu kila mara hutumia umoja. Waingereza huruhusu yote mawili, na huchagua kwa maana: kama kamati imetenda kama mwili mmoja, umoja, kama wajumbe wanafikiriwa mmoja mmoja, wingi. Familia iliyonunua shamba ni "has bought". Familia wanaogombania shamba lile lile ni "are quarrelling", maana mtu mmoja hagombani peke yake. Yapo pia ambayo hayana hiari: "police" na "cattle" huchukua wingi daima.

Vijana, mkiwa kwenye mtihani chagueni njia moja mkae nayo hadi mwisho wa insha. Lakini mkija kuwa makatibu wa vikao, kumbukeni kwamba swali hilo si la sarufi peke yake. Kila ninapoandika kwamba kamati imekubali, najiuliza: imekubali yote? Yule mjumbe aliyekaa kimya pembeni naye amekubali? Umoja wa kitenzi unaweza kummeza mtu mzima.

Na katika nchi yetu jambo hili lina uzito wa sheria. Kijiji kina halmashauri, ambayo wajumbe wake hawazidi 25, na kina mkutano mkuu, ambao ni wakazi wake wote waliofikia miaka 18. Kwa Kiingereza cha sheria ya kwanza ni "village council", ya pili ni "village assembly". Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Sasa mtu akiandika kwa Kiingereza "the village has agreed", nani amekubali? Watu 25, au watu wote? Mwekezaji aliye mbali ataisoma sentensi hiyo na kuleta trekta. Nimezikuta sentensi kama hizo mezani kwangu, na kila mara nimezirudisha kwa mwandishi nikimwomba aandike ni chombo gani kilikaa, na waliohudhuria walikuwa wangapi. Vijana wa ofisini kwangu hudhani nina kichaa cha sarufi. Hawaujui ule mwembe.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa inanitazama. Nimalizie kwa kumrudia ndugu yangu Skuli, kama nilivyoahidi.

Nimechunguza habari za "a school of fish", nikakuta kwamba neno hilo si shule tunayoijua sisi. Shule ya kusomea ilitoka kwa Wayunani, ikapitia Kilatini. Lile la samaki lilitoka kwa Waholanzi wa kale, kwao likiwa na maana ya kundi, na ni ndugu wa "shoal". Ni maneno mawili yaliyokutana njiani yakafanana sura. Kwa hiyo, ndugu yangu, ulipowapa simba shule ulikosea. Lakini kosa lako halikumnyima mtu maji. Sisi tuliokucheka tulikuwa na orodha kamili, na mmoja wetu aliitumia vibaya kuliko wewe. Naomba radhi kwa kicheko kile.

Ombi langu kwa mkutano huu ni moja. Jana nilipita maktaba. Orodha za majina ya jamii bado zimebandikwa ukutani, zimeandikwa vizuri kwa kalamu ya rangi, na bado hazina sentensi hata moja. Kamusi zilizopo ni chache na zimechakaa. Napendekeza kwamba katika mchango wa mwaka huu, kabla ya kupaka rangi lango, tununue kamusi za kutosha, zile zenye mifano ya matumizi, za Kiingereza na za Kiswahili, ili kila dawati la Kidato cha Pili lipate yake. Mimi nimeanza, na bahasha yangu iko kwa Mweka Hazina.

Na Katibu atakapoandika kumbukumbu za leo, namwomba asiandike kwamba mkutano umekubali kabla hajahesabu mikono.